Beseni langu la majani limezua neno nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, wa kwanza ni mapacha. Nafanya kazi ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Usinione mfanyabiashara, mimi ni wa kuchambua na kujaza magunia ya watu. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka jua linazama, na muda wote huo nimesimama au nimechuchumaa juu ya saruji. Nyumbani ni Kitangiri, juu kabisa kwenye mawe, bodaboda zinaishia chini. Zile ngazi za mwisho nazipanda kwa kushikilia mawe kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mwaka jana mwenzangu wa kazini alinifundisha kuloweka miguu. Unachemsha mchaichai na majani matatu manne ya mkaratusi, unatia chumvi ya mawe kiganja kimoja, unamimina kwenye beseni, unapoza kwa maji ya baridi, unatumbukiza miguu. Shangazi, siku ya kwanza nilisinzia nimekaa pale pale kwenye kigoda. Tangu hapo ikawa desturi. Watoto wakishalala, baba Kulwa akiwa kwenye taarifa ya habari, mimi natoka uwani na beseni langu. Ni dakika ishirini ambazo hakuna anayeniita mama.

Mambo yaliharibika alipokuja mama mkwe kutoka Magu. Usiku mmoja, kama saa nne, alitoka kwenda chooni akanikuta namwaga maji mlangoni. Majani yakabaki pale kizingitini mpaka asubuhi. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwanawe: "Mke wako anamwaga nini mlangoni usiku?" Halafu akaongeza kwamba siku hizi mwanawe hasikii la mtu isipokuwa la mkewe. Neno limbwata halijatamkwa, lakini tunakula nalo sahani moja. Baba Kulwa ameniambia niache kabisa "ili mama atulie". Nikamwambia ni ya miguu tu. Akajibu, miguu gani inayooshwa gizani?

Kuna jirani anapitisha pakiti za unga wa majani, shilingi elfu kumi na tano moja. Anasema unatoa sumu mwilini kupitia nyayo, na maji yakigeuka kahawia ndiyo sumu yenyewe imetoka. Nilinunua moja na kweli maji yaligeuka, yakawa kama chai ya rangi. Nikafikiri nikimwonyesha mama mkwe ile sumu ataelewa kuwa hii ni tiba.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Juzi tulipobaki wawili, mama mkwe aliniuliza kwa sauti ya chini kama maji yangu yanasaidia miguu iliyokufa ganzi. Ana kisukari miaka mingi, anasema akikanyaga chini ni kama anakanyaga pamba. Shangazi, nilifurahi. Nikaona hapa ndipo pa kupatana. Nimepanga Jumapili nimwandalie beseni lake mwenyewe, maji yawe ya moto zaidi ya yangu maana ya uvuguvugu anasema hayasikii. Nimtilie ile pakiti au majani ya kawaida? Na baba Kulwa nimwambieje?

Usije ukadhani nachezea maji ya kununua. Bomba likikatika vijana wanatuletea madumu kutoka ziwani, ndiyo ninayopozea.

Halafu la mwisho, ni kweli ndimu inaondoa harufu ya dagaa miguuni?

Mama Kulwa, Kitangiri

*

Marahaba, Mama Kulwa.

Wewe umeuliza kuhusu mume na mama mkwe, lakini mimi nimesoma barua yako nikakwama kwenye Jumapili. Kwa hiyo tuanze na Jumapili.

Usimloweke mama yako miguu. Si kwa pakiti, si kwa mchaichai, si kwa maji matupu. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi anayesema anakanyaga pamba ameshakuambia kwamba mishipa ya fahamu ya miguuni imeharibika. Ya uvuguvugu "hayasikii" kwa sababu mguu wenyewe hausikii, wala si kwa sababu maji hayana joto la kutosha. Ungemwongezea moto, yeye angesema bado, ungeongeza tena, na ngozi ingeungua mbele yenu wote wawili mkiwa mnapiga hadithi. Malengelenge mngeyaona Jumatatu. Kwa mtu wa kisukari lengelenge la mguuni si jambo dogo: damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi, kinakuwa donda ndugu, na wodini utasikia wanaongelea kukata kidole, halafu mguu. Na hata maji yakiwa ya baridi, kuloweka kwa muda mrefu kunalainisha ngozi na kuondoa mafuta yake ya asili. Ikikauka inapasuka, na kwenye ule mpasuko ndipo wadudu wanapoingilia.

Najua unawaza utamrudishaje nyuma mtu uliyemwahidi. Utamrudisha kwa kumpa kitu kizuri zaidi. Sikiliza alichokuomba. Mwanamke mzima, mkwe wako, ambaye wiki mbili tatu zilizopita alikuwa anakushuku, amekuja kukunong'oneza kuhusu miguu yake. Nina hakika hata mwanawe hajamwambia. Hili beseni lilikuwa kisingizio tu, mama, anachotaka ni mtu wa kumtazama miguu.

Basi mtazame. Jioni, pakiwa bado na mwanga, mkalishe kitini. Osha miguu yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, haraka haraka, kuosha tu bila kuloweka. Joto la maji lipime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake na wala si kwa kiganja chako kilichozoea masufuria. Kausha kwa kitambaa laini, upite katikati ya kila kidole. Kisha mpake mafuta, ya nazi au vaselini, juu ya mguu na chini ya wayo, lakini katikati ya vidole usipake, pale panatakiwa pawe pakavu, la sivyo unakaribisha fangasi. Wakati unapaka, angalia. Kuna mchubuko? Kuna mahali pekundu, pameiva, pana joto kuliko pengine? Kuna msumari au mwiba aliokanyaga bila kujua? (Hili si la kutunga. Watu wa ganzi hutembea na jiwe ndani ya kiatu siku nzima.) Kulwa na Doto kama wameshakua kidogo, wape zamu ya kumkagua bibi nyayo kila jioni. Macho yao ni makali na kazi hiyo wataipenda.

Mwambie pia asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, na sugu asizichonge kwa wembe. Najua bibi zetu wanavyoupenda wembe. Halafu safari yake ijayo ya kuchukua dawa, nenda naye. Mwambie daktari neno lile lile la pamba. Iwe hospitali ya Sekou Toure, iwe ya Bugando, iwe kituo cha afya cha kwao Magu, waombe wamkague miguu na wasiishie kupima sukari ya kidole peke yake. Kuna uzi mgumu wa nailoni wanaougusisha kwenye wayo mgonjwa akiwa amefumba macho, aseme anasikia wapi na hasikii wapi. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Haya, sasa maji yako. Ile sentensi ya dumu la ziwani uliitupia mwishoni kama kitu cha kujitetea, mimi ndiyo iliyonifanya niisome barua mara ya pili. Unachemsha majani, vizuri, halafu unapoza kwa maji mabichi ya ziwani, kisha unakaa humo dakika ishirini. Hicho ndicho kichocho kinachokitaka. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wadogo wa majini, huogelea wakitafuta ngozi, na havihitaji kidonda. Vinatoboa ngozi nzima, na wewe husikii kitu, au unawashwa kidogo unadhani ni mbu. Huku ziwani kwetu kinachotusumbua ni kichocho cha tumbo: maumivu ya tumbo, choo chenye damu, na kikikaa miaka ini na bandama vinavimba. Maji ya moto uliyochemsha hayakuokoi, maana ukishayachanganya yakawa ya kuvumilika na mguu, hayana tena joto la kuua kitu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Ama chemsha yote, yachemke kweli kweli dakika moja au zaidi, asubuhi kabla hujaenda kazini, uyaache kwenye ndoo yenye mfuniko yapoe yenyewe. Ama maji ya ziwa yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili bila kuongezewa mapya juu yake, na uhakikishe hakuna konokono humo. Vile vimelea vikikosa mwili wa kuingia, havidumu. Kuchuja kwa kanga usikutegemee. Na kwa kuwa wewe kazi yako ni Mwaloni na maji ya dumu umeyatumia karibu mwaka mzima, nenda kapime choo. Wakikuta kitu watakupa prazikwanteli, ile ile ambayo wanao wanapewa shuleni. Vidonge vyake ni vikubwa na vinachefua kidogo, kula kwanza.

Kuhusu pakiti ya elfu kumi na tano, nitakuomba ufanye jambo moja kabla hujanunua ya pili. Chukua mabeseni mawili, maji sawa, unga sawa. Moja tia miguu yako, jingine tia jiwe, Kitangiri hamkosi mawe. Kaa dakika ishirini. Yote mawili yatakuwa ya kahawia, na jiwe sidhani kama lilikuwa na sumu. Ile ni rangi ya majani, kama chai inavyotoa rangi. Kuna na ndugu yake wa kisasa, mashine ya umeme ya kuwekwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Kule rangi inatoka kwenye vyuma vya mashine vinavyoshika kutu, na ukiiwasha bila kutia miguu maji yanageuka vile vile. Taka za mwili zinatolewa na ini na figo, nazo zinafanya kazi hiyo bure. Nyayo zinatoa jasho, basi. Kwa hiyo ile "sumu" usimwonyeshe mama mkwe. Mtu ambaye tayari anakushuku, unamletea beseni la maji meusi unamwambia ni sumu? Mama Kulwa!

Ndiyo, tufike nyumbani sasa.

Nitasema ukweli, na usinichukie. Mwanamke anayetoka gizani saa nne usiku, peke yake, akamwaga maji ya majani kwenye mlango anakopita mumewe, hata mimi ningeshtuka, na mimi ndiye niliyesoma barua yako. Hukufanya kosa, ila ulifanya jambo la mchana kwa namna ya usiku. Na huku Kanda ya Ziwa neno uchawi si la kuchezea. Kina mama wazee wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka arobaini. Mama mkwe wako amekulia katika hofu hiyo hiyo, na kwa umri wake anajua kwamba neno hilo likianza kutembea halichagui pa kutua. Kwa hiyo usimwone mchokozi moja kwa moja. Inawezekana aliogopa.

Kwa hiyo toa beseni hadharani. Loweka sebuleni, jioni, baba Kulwa akiangalia hiyo taarifa yake ya habari. Maji ukimaliza mwaga kwenye shina la mpapai au kwenye mtaro, siyo mlangoni, na kama umetia chumvi iwe mtaroni, mpapai hauipendi. Majani yatupe pamoja na maganda ya viazi. Na hapa ndipo mama mkwe anapoingia: muombe yeye akuchagulie majani. "Mayu, kule kwenu Magu mlikuwa mnatumia majani gani kwa uchovu?" Atakutajia mwarobaini, atakutajia kivumbasi, pengine atakutajia kitu ambacho mimi na wewe hatukijui. Kama hukijui, usikitie hata kama amekipendekeza, mwambie unaanza na kivumbasi kwanza. Akishakuwa yeye ndiye anayekuchumia, atamshtaki nani? Wakati wewe umeloweka, yeye mpe kikombe cha mchaichai kisicho na sukari. Harufu ni ile ile, na mmekaa pamoja.

Baba Kulwa yeye hahitaji hotuba. Alikuambia uache ili mama atulie, na mama ametulia kiasi cha kukuomba ushauri. Mpe hiyo habari, lakini muombe mama ruhusa kwanza, miguu ni yake. Halafu siku moja muulize mumeo kama na yeye anataka. Kwa uzoefu wangu wanaume wanaolalamikia beseni ndio wanaolikalia muda mrefu zaidi wakishaanza.

Kwako wewe mwenyewe, endelea. Hukukosea kulipenda. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba miguu yenye joto humfanya mtu apate usingizi haraka. Namna inavyofanya kazi inashangaza kidogo: mishipa ya damu ya miguuni ikipanuka kwa joto, inatoa joto la ndani ya mwili kwenda nje, mwili wa ndani unapoa, na ubongo unapokea kupoa huko kama ishara ya kulala. Ndiyo maana ulisinzia kwenye kigoda. Joto ndilo lililofanya kazi kubwa; mchaichai na mkaratusi umeleta harufu, na harufu nzuri baada ya siku nzima ya dagaa si kitu cha kudharau. Maji yawe ya joto la kupendeza, mtu asikunje uso anapotia mguu. Dakika kumi na tano mpaka ishirini zinatosha. Ukitoka, paka mafuta kwenye visigino ngozi ikiwa bado na unyevu, magaga yatapungua. Siku ukiwa na mchubuko au fangasi kati ya vidole, ruka, na beseni hilo lisiwe la kuchangia na watoto.

Ila usiku miguu ikiwa imevimba, maji ya moto si dawa ya uvimbe. Hapo lala chali, weka visigino ukutani juu zaidi ya kifua dakika kumi na tano. Na mchana pale kwenye saruji usikae mkao mmoja: kila baada ya muda simama kwenye ncha za vidole, shuka, rudia mara ishirini. Mashavu ya miguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu, nayo haisukumi ukisimama kama nguzo. Tafuta na kipande cha gunia ukunje mara nne, usimame juu yake. Uvimbe ukiwa wa mguu mmoja tu, una joto na unauma, au ukivimba miguu yote huku pumzi inakata ukipanda zile ngazi, hapo ni hospitali, na usinisubiri mimi. Vivyo hivyo kama una mimba, umevimba, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu: hospitali siku hiyo hiyo.

Siku za mbalamwezi, dagaa wanapopungua na kazi inakuwa nyepesi, pumzisha na beseni pia, ngozi ipumue.

Na ndimu: ndiyo, inasaidia. Uchachu wake unaibana ile harufu ya samaki. Sugua kipande miguuni na mikononi usiku, acha dakika mbili, suuza vizuri kwa maji na sabuni. Asubuhi usijaribu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka nayo kwenye jua la Mwaloni, ngozi inaungua na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi, na madoa ya namna hiyo yakikutokea miguuni, hapo nyumbani kwako kuna mtu atayasoma vingine kabisa.

Shangazi